Mkono Chini ya Shuka

Assalaam aleikum, wazazi wenzangu. Mwalimu amenisihi niongee Kiswahili, kwa sababu leo tuko na wenzetu wa mtoni, na kuna mama ametoka Kitui, na nyinyi wa Rhamu na Kutulo mmekisoma shuleni. Sawa. Kiswahili changu ni cha soko la mifugo, kina vumbi, mtanivumilia. Na wewe mwalimu unayetafsiri kwa mikono kwa hawa watoto wa mbele, nikienda mbio nikonyeze jicho nitapunguza. Mimi ni dalali, na dalali akishaanza kuongea kumnyamazisha ni kazi.

Sitataja jina la mtu. Nitasema kaka yangu, mke wangu, fundi, basi. Wanaojijua watajijua.

Binti yangu alizaliwa anasikia vizuri kama mimi. Alikuwa mtoto wa maneno, anauliza mpaka unamkimbia. Halafu ukaja ukame ule wa mwanzo wa miaka hii ya tisini, na nyuma ya ukame ikaja homa. Homa ya uti wa mgongo. Wengi wenu humu nyumba zenu inazijua. Alilala hospitali, mke wangu chini ya kitanda, mimi nje kwenye mti, na tulichoomba ni kimoja tu, asife. Hakufa, alhamdulillahi. Tulirudi nyumbani tukachinja mbuzi, majirani wakala.

Asubuhi moja mke wangu aliangusha sufuria nyuma yake, kwa bahati mbaya. Mtoto hakugeuka. Akaiangusha tena, safari hii kwa makusudi. Akaniita, akaiangusha mbele yangu. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia sufuria hiyo ni nyepesi, haina kelele. 

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nimelishwa na sauti. Nikimwita mtu upande huu wa soko, upande wa pili wanageuka na ngamia wao. Sauti ile yote niliimwaga kwa mtoto mdogo. Nilimpigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na yeye ananitazama mdomo, anadhani nimemkasirikia, analia. Mwisho na yeye akafunga mdomo wake. Watoto wa mtaani walikuwa wanaicheka sauti yake, maana ilikuwa imeanza kubadilika. Akanyamaza kabisa.

Siku moja alinifuata sokoni bila mimi kujua. Malori yalikuwa yanapakia mbuzi, moja likaanza kurudi nyuma, watu wanapiga mayowe, na yeye yuko nyuma ya lile lori ameinama anaokota kitu. Mpakiaji mmoja alimvuta kwa gauni. Gauni lilichanika, mtoto akabaki mzima. Mungu ampe mpakiaji yule kila la heri.

Tangu siku hiyo woga uliniingia mwilini na haukutoka. Nikachukua kamba ya ngamia, nikafunga upande mmoja kwenye mkono wake na upande mwingine kiunoni mwangu. Ndiyo, mmesikia vizuri. Tulitembea hivyo mjini mchana kweupe. Na siku nyingi sikwenda sokoni kabisa, nilikaa mlangoni kwangu nalinda. Wateja wangu wakahamia kwa madalali wengine, na mke wangu ndiye aliyetulisha kwa kuuza maziwa. Mwanamume mzima, nalinda mlango.

Ndipo kaka yangu alipokuja kutoka Buna na mbuzi wa kuuza. Yeye ndiye mkubwa wetu, baba yetu amekufa, na neno lake kwetu ni zito. Aliiona kamba. Hakupiga kelele. Alikula, akanywa chai, akanawa mikono, ndipo akasema, "Umemfunga binadamu kama ndama wa ngamia. Kule Buna hakuna lori la kurudi nyuma. Kule atatembea bila kamba. Nikirudi safari ijayo, nitamchukua akae kwa bibi yake."

Niseme nini? Alikuwa anampenda yule mtoto, na kuhusu kamba alikuwa amesema kweli. Mke wangu alikataa, akamwambia shemeji yake kwamba mtoto wake hatalelewa mbali na macho yake. Kaka akamjibu kwa upole kabisa: basi nionyesheni jinsi atakavyoishi kwenye mji huu bila kamba na bila kufa. Hatukuwa na la kuonyesha. Akaenda zake.

Mke wangu alitayarisha mfuko wa nguo huku anafuta macho. Binti yangu hakuambiwa kitu, nani angemwambia na kwa lugha gani? Lakini aliuona ule mfuko akaelewa. Kila mama yake akitoka, alikuwa anazitoa nguo mfukoni moja moja, anazikunja, anazirudisha kwenye sanduku. Mama yake anazitia tena, yeye anazitoa tena. Walikuwa wanagombana hivyo bila neno, na mimi nimekaa mlangoni.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyinyi msiotoka katika mifugo. Sisi madalali hatutaji bei kwa mdomo. Mnunuzi ananipa mkono, natupa shuka langu la begani juu ya mikono yetu, na vidole ndivyo vinaongea. Nikikushika kidole kimoja ni bei yake, viwili bei yake, kiganja chote bei yake. Nikikubali, nakukamata mkono mzima na kuutikisa. Na ina adabu zake. Mikono ikishafunikwa, hakuna mtu wa kuchungulia, hakuna wa kuingilia, hata kama ni chifu. Na mkono ulioingia chini ya shuka lazima upate jibu. Ukiuchomoa wako kabla ya kujibu umemtukana mwenzako, na soko zima litajua.

Siku moja nilikwenda sokoni, mtoto na kamba yake pembeni. Nikaongea na mnunuzi chini ya shuka, tukakosana bei, akaondoka. Nikahisi shuka linainuka. Binti yangu ameingiza mkono wake. Akanishika vidole viwili, akavibana, akanitazama usoni na kungoja.

Sikujua ananiambia nini, wallahi. Lakini mkono ulikuwa umekuja chini ya shuka, ungojee jibu hivyo mpaka lini? Na mimi nikambana vidole. Akacheka. Sikuwa nimeuona mdomo ule ukicheka tangu hospitali.

Hapo ndipo tulipoanza. Kidole gumba kikawa mama, kidole cha mwisho maji, kifundo cha mkono simama. Mengine tuliyaongeza kadiri ugomvi ulivyotokea, maana mtoto huyu ni mgomvi kama baba yake. Anaomba kucheza mpaka adhuhuri, mimi napunguza, yeye anapandisha, tunakutana katikati.

Karibu na soko kulikuwa na fundi wa baiskeli, Mkamba, mtu wa mzaha. Alikuwa na baiskeli za gia, zile za tairi nene zenye meno, zilizoachwa na wageni waliofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi wakarudi kwao. Binti yangu alizipenda mno. Akaja, akaingiza mkono chini ya shuka, akaniomba. Mimi nilifikiria lile lori, na mkono wangu ukachomoka wenyewe.

Hakunigusa siku nzima. Mke wangu alipojua, aliniambia, "Wewe mwenye adabu za shuka, mnunuzi mgeni unamjibu, mtoto wako unamchomolea mkono?" Nilirudi kwake nimeinamisha kichwa. Tulipatana bei chini ya shuka mchana mzima. Mwisho tukakubaliana: apande, lakini na mimi nipande, niwe ubavuni mwake kila wakati. Nilitaka tufunge kamba kati ya baiskeli mbili. Fundi alikataa, akasema mtaanguka wote na mtanivunjia gia. Basi kamba ikabaki nyumbani, ikatundikwa ukutani.

Kuna waliosema binti hapandi baiskeli. Niliwaambia basi mnunulieni ngamia.  Mimi mwenyewe nilianguka mara nyingi kuliko yeye, maana nilizoea macawis, hilo shuka letu la kiunoni, na kwenye baiskeli ya gia macawis ni mtego. Fundi alinipa kaptura yake na kofia ya plastiki. Sitaki mnifikirie sana katika hali hiyo.

Sasa walimu wa shule hii na fundi wakaandaa mashindano. Kila mtoto na mzazi wake, kutoka uwanjani hapa, kufuata barabara ya mchanga ya kwenda Wajir mpaka kwenye kisima fulani, kuzunguka, kurudi. Sharti lilikuwa moja: mzazi na mtoto wavuke mstari pamoja, na baiskeli zao zote mbili. Tukajiandikisha. Siku chache kabla, dereva mmoja akaniletea salamu. Kaka yangu anashuka na lori la mbuzi, atafika asubuhi ileile ya mashindano, mtoto awe tayari.

Nilitaka kujitoa. Nilimwambia mke wangu, akiumia huko, kaka hatahitaji kusema neno, atamchukua tu. Na mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akirudi mzima, basi tutakuwa na kitu cha kumwonyesha. Mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni, umefungwa. Safari hii binti yangu hakuufungua. Hilo lilinitisha zaidi kuliko yote.

Tukaanza. Watu walikuwa wengi, wanapiga vigelegele, na yeye amefunga shungi lake kwa nguvu na kuvaa suruali chini ya gauni. Kwenye mchanga wengine walikuwa wanashuka na kusukuma, yeye anabadilisha gia na kupita. Mimi nilikuwa upande wa jua, nyuma yake kidogo, shuka langu nimelifunga kiunoni, sitoi jicho kwenye mgongo wake. Tulizunguka kisima hatuko wa mwisho. Moyo wangu ukaanza kulegea, na mimi ni mtu wa kuogopa moyo ukilegea.

Wakati wa kurudi kuna mahali mathenge imeibana barabara pande zote mbili. Mnaijua mathenge, ule mti wa miiba tulioletewa eti utatufaa. Njia inabaki ya lori moja tu na kona juu yake. Hapo mwiba uliingia kwenye tairi langu la mbele. Nikasikia upepo unatoka, nikayumba, nikaanguka. Nilipoinua kichwa, binti yangu alikuwa anaingia kwenye kona. Nikamwita. Ndugu zangu, baada ya miaka yote ile, nilimwita kwa jina, kwa sauti yangu yote ya sokoni. Ndege waliruka. Yeye akapotea kwenye kona.

Na nyuma yangu nikasikia lori.

Lilikuwa linakuja kwa kasi, mbuzi wanalia, dereva ana haraka ya kufika sokoni. Nikasimama katikati nikapunga mikono yote miwili. Halikupunguza. Lilipiga honi, likanisukumia kwenye miiba, likapita. Vumbi likafunika kila kitu. Na mimi nilijua mambo mawili tu: njia ile haina pa kukwepa, na mtoto wangu hasikii honi.

Nilikimbia. Sikuona njia, nilifuata sauti ya injini. Miiba ilinirarua na sikuisikia. Nilisikia honi tena huko mbele, ndefu, haikatiki, halafu ikakatika. Mzazi aliye hapa ambaye amewahi kungojea kitu anajua nilichosikia baada ya honi ile kunyamaza. Nilikuwa nasema shahada huku nakimbia, sijui naisemea nafsi yangu au yake.

Niliingia kwenye kona ndani ya vumbi, mikono mbele kama kipofu. Na mkono mdogo ukanishika kifundo. Simama.

Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mgongo ndani ya mathenge, baiskeli ameisukumiza chini ya matawi. Mashavu yamechubuka, damu kidogo. Nilimkamata mabega, nikamgeuza huku na huku, nikampapasa kichwa, mikono, miguu. Nilikuwa nalia waziwazi. Naye akafungua mdomo, yeye ambaye hakuwa amesema neno muda mrefu vile. Sauti ilikuwa ya ajabu, nzito, lakini niliielewa.

"Aabo," akaniita baba kwa lugha yetu, "kivuli chako kilipotea."

Wazazi, mnaelewa? Safari yote mimi nilikuwa upande wa jua. Kivuli changu kilikuwa kinaanguka mbele ya gurudumu lake. Mimi nilidhani namlinda kwa kumtazama mgongo, kumbe yeye alikuwa ananichunga mimi chini, mchangani. Kivuli kilipotoweka aligeuka, hakuniona, akaona vumbi kubwa linainuka juu ya miti. Akatoka njiani kabla lori halijafika kwenye kona. Hakungoja honi. Hakuwa amengoja honi tangu hospitali, mimi ndiye niliyekuwa nangoja honi kwa niaba yake.

Nilitaka tukae pale chini. Yeye akafungua shuka kiunoni mwangu, akalitupa juu ya mikono yetu, tukapatana katikati ya barabara. Mimi nataka tusukume baiskeli mpaka nyumbani. Yeye hataki. Akashinda. Tukaondoa mpira wa ndani, tukajaza majani makavu kwenye tairi kama fundi alivyotufundisha, tukapanda. Baiskeli yangu ilikuwa inaruka kama punda mkorofi. Njia nzima nilikaa upande wa jua, nikihakikisha kivuli kinafika.

Tulivuka mstari wa mwisho kabisa. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mke wangu alikuwepo, amekaa juu ya ule mfuko wa nguo, hakuinuka. Na kando yake amesimama kaka yangu, uso umepauka kwa vumbi.

Alikuwa kwenye lile lori. Mbele, karibu na dereva. Aliniambia aliona mwendawazimu mwenye kaptura anapunga mikono, hakunijua, alidhani anaomba lifti. Maisha yake yote hajawahi kuniona magoti. Na aliona kwenye kona mtoto wa kike amesimama ukingoni, kimya, anangojea lori lipite. Dereva alipiga honi, kaka akamwambia aache, mtoto ameshatupisha. Alifika uwanjani ndipo akaambiwa mtoto yule ni nani.

 Kisha kaka alinyoosha mkono kuuchukua mfuko. Binti yangu akamtangulia. Akanivuta shuka kiunoni, akaushika mkono wa baba yake mkubwa, akaufunika.

 Kaka ni mtu wa mifugo, adabu anazijua kuliko mimi. Mkono uko chini ya shuka, lazima ajibu. Nami sina ruhusa ya kuchungulia wala kusema, baba ni baba lakini soko ni soko. Mke wangu alinishika kiwiko mpaka kikaniuma. Tuliona shuka linacheza tu. Kaka alikunja uso. Akatikisa kichwa. Vidole vikacheza tena. Binti yangu hakumwondolea macho. Kaka akaangalia barabara, akaangalia mfuko, akavuta pumzi ndefu. Niliwahi kupatanisha bei za makundi mazima ya ngamia na sikuwahi kutokwa na jasho kama siku ile. Kisha shuka likatikisika juu chini, mkono mzima. Biashara imefungwa.

Kaka akaondoa mkono wake, akaniangalia mimi.

"Nilikuja kuchukua mwaka mzima," akasema. "Huyu mtoto wako ameniachia miezi miwili."

Ndiyo hiyo miezi ya likizo. Kila likizo ndefu anapanda lori anakwenda Buna kwa bibi yake, anachunga mbuzi, anarudi mweusi na mnene. Miezi mingine iliyobaki yuko hapa, darasani humu, na baiskeli. Kaka amewafundisha vidole vile watoto wote wa kule, sasa anasema hana amani nyumbani kwake, kila mtu anapatana naye.

Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru mke wangu, aliyetulisha na kunisema. Fundi aliyenikatalia kamba. Mpakiaji wa sokoni, popote alipo. Walimu wa shule hii, ambao wana lugha ya mikono kubwa kuliko ile yetu ya mbuzi, na sasa sisi tunajifunza kwa binti yetu. Na kaka yangu, ambaye angeweza kuuchomoa mkono siku ile na hakuuchomoa.

Wenye watoto wapya wa homa hii, najua mnaogopa, na sitawaambia msiogope. Mimi bado naogopa kila lori. Ila mtoto wako akikupa mkono, hata kama huelewi anachosema, usiutoe wako kabla hajapata jibu. Hilo tu.

Ningeendelea, lakini mwangalieni binti yangu pale mlangoni, mwenye kofia ya plastiki. Ameshanyoosha mkono. Anasema nimezidisha, na sina budi kwenda kupatana naye.